Swichi ya Mama ya Watoto

Wiki jana, kwenye uwanja wa malori pale Malaba, niligeuza ufunguo na lori likanyamaza. Halikukohoa wala halikunguruma. Ulisikika mlio mdogo tu chini ya usukani, kisha kimya. Fundi kijana aliyekuwa karibu akachungulia, akaangaza tochi na kutabasamu.

"Madam, ni hii swichi ya gia imechoka. Tuitoe, tuunganishe nyaya direkti. Hizi vitu ni za kusumbua watu."

Msomaji wangu, kuna kimya ambacho kikinifikia masikioni hunirudisha utotoni moja kwa moja, na hicho ni kimojawapo.

Kwetu ni karibu na Amukura. Baba alikuwa dereva wa masafa marefu mpaka alipoanguka kutoka juu ya shehena na nyonga ikavunjika. Tulibaki na lori letu dogo, otomatiki, la aina ile ambayo mkono wa gia umeota kwenye usukani. Usukani wenyewe haukuwa wake. Ule wa kuzaliwa nao uliharibika kwenye ajali ya zamani ya barabarani, na Baba akaweka mwingine mzima uliotolewa kwenye gari la skrepa. Huo wa kuazima ulikuja bila swichi inayozuia injini kuwaka gari likiwa kwenye gia. Fundi akaunganisha nyaya mbili, akafunika na utepe mweusi, akanawa mikono.

Kuanzia hapo lori likawa linawaka kwenye gia yoyote, hata ile ya kwenda mbele. Baba hakujali. Kabla ya kugusa ufunguo alikuwa akiupiga mkono wa gia kwa kiganja, kwenda juu hadi P, ya kuegesha, kama mtu anayefukuza nzi. Vijana wa mizigo nao walijua kuweka jiwe mbele ya gurudumu. Mipakani ndivyo tunavyoishi na magari. Kila moja lina tabia yake, na anayelijua hahangaiki kumweleza mwingine.

Nyonga ilipokataa kupona, ikabidi Mama ajifunze kuendesha. Sokoni walimcheka mpaka wakachoka. Yeye alikaza kilemba, akashika usukani kwa mikono miwili kama anayemzuia ng'ombe, na baada ya muda akawa anatoa mihogo Amukura na kuifikisha Busia bila mtu kumwombea.

Asubuhi moja alipanda akageuza ufunguo. Gia ilikuwa imebaki kwenye D, ile ya kwenda mbele. Lori liliruka, likapita juu ya kichanja cha vyombo na kusimama kwenye ukuta wa jikoni. Chini ya kichanja hicho mdogo wangu Wandera alikuwa akichezea maji muda mfupi tu uliopita. Alikuwa ameondoka kumfukuza kuku. Namshukuru Mungu kwa kuku yule hadi leo, ingawa Krismasi tulimla.

Mama alishuka, akaweka ufunguo mkononi mwa Baba, akamwita kwa jina langu kama kawaida.

"Uza, Baba Nabwire. Mimi hiyo kitu sigusi tena."

"Gari haina makosa," Baba akasema. "Wewe uliacha kwa D."

Mama aliokota sufuria iliyobonyea, akaingia ndani. Jioni hiyo hiyo habari zikafika kwa mnunuzi mmoja wa magari wa Bumala, naye akaahidi kuja siku ya soko. Nililia kwa siri. Bila lori, Mama angerudi kubeba mihogo kichwani, na Baba angebaki kukaa tu kwenye kiti chake cha kamba akitazama barabara.

Kesho yake Baba alikaa kitambo mbele ya kile kichanja kilichovunjika. Kisha akaita bodaboda, yeye ambaye kila shimo la barabara lilimtoa machozi, akaenda Malaba. Alirudi na kitu cheusi kilichofungwa kwa gazeti, kidogo kama kiberiti.

Fundi wetu alicheka. "Mzee, gari zote huku ni direkti. Hiyo ni ya nini?"

"Ni ya mama ya watoto," Baba akasema.

Fundi akaenda zake. Baba hakuweza kuinama, kwa hivyo Mama ndiye aliyelala chali chini ya dashibodi, leso ikiwa imefungwa kiunoni, huku akinung'unika. Usukani ule wa kuazima haukuwa na mahali pa kushikia swichi. Baba akakata kipande cha jembe la Mama lililokwisha makali, akakitoboa, kikawa kishikizo. Mimi niliketi juu, mguu kwenye breki, mawe yakiwa mbele na nyuma ya magurudumu, nikivuta gia, nikigeuza ufunguo na kutangaza herufi kama mwalimu wa chekechea.

Jaribio la kwanza, R, ya kurudi nyuma, lori liliwaka na kusukuma mawe. Mama alichomoka chini kwa kasi ambayo sijawahi kuiona tena. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

"Imekaa upande kidogo," Baba akamwambia kwa upole. "Legeza skrubu, sogeza kama unywele. Mama Nabwire, hii gari mimi nilikuwa najua inaruka. Sikukuambia. Makosa ni yangu."

Mama alimtazama, grisi shavuni. Kisha akalala tena chini na spana.

Mara ya pili alipanda mwenyewe. D, kimya. R, kimya. Akarudia D kwa nguvu kama anayemchokoza mtu, bado kimya, akaangua kicheko. "Imekataa! Baba Nabwire, imenikatalia!" Kwenye P ikanguruma, na Baba akafuta macho akisingizia moshi.

Siku ya soko mnunuzi wa Bumala alikuta uwanja wetu mtupu. Mama alikuwa amekwisha pakia na kuondoka. Bila shaka walipishana njiani.

Wakati huo nilidhani swichi ni ya mtu asiyejua kuendesha. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa. Baba alikuwa na hekima ya mikono, na hekima hiyo ilimtosha yeye. Swichi ilikuwa ya asubuhi ambayo mtu mwingine amechoka, ana haraka, au ana mawazo. Mama ameendesha mpaka kichwa kikawa cheupe, na kila asubuhi kulikuwa na mtoto fulani pale uani.

"Sasa, madam?" fundi akauliza. "Nipige direkti?"

"Funga nyingine," nikamwambia.

"Na hii ni ya nini hasa?"

Nikamwambia ni ya mama ya watoto. Aligeuka kuwatafuta hao watoto uwanjani, asione hata mmoja, kisha akachukua spana.