Televisheni Kuukuu ya Bi Mejumaa

Mwanangu, mimi ni mtu wa kushuku, na sitakuficha. Akija mteja dukani akanisalimia mara mbili, huanza kujiuliza salamu ya pili ni ya nini. Watu wa Ukunda wananijua hivyo, na mke wangu husema hata chai yake huinusa kwanza ndipo niinywe. Lakini kushuku kwangu kwa leo si kule kwa zamani. Zamani nilishuku sana, tena nikashuku asiyestahili, na iko siku moja ambayo kila nikiikumbuka hujikuta nimeweka bisibisi mezani.

Siku zile televisheni nyembamba ndiyo kwanza zinaingia madukani huku kwetu. Watu walikuwa wakizitoa zile za kichogo, zile nzito za kubebwa na watu wawili, na sisi mafundi tulikuwa na kazi tele. Mimi nilikuwa chini ya Fundi Kasimu, mtu mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Nilikuwa nimekwishaoa na nina mtoto mmoja, kwa hiyo sina haki ya kukwambia kwamba nilikuwa mdogo. Nilikuwa mjuaji, basi.

Asubuhi moja Fundi Kasimu alikuwa amekwenda Msambweni kwa kazi, nami niko dukani peke yangu. Akaingia bwana mmoja, kanzu imepigwa pasi, manukato yanamtangulia. Nilimfahamu kwa sura: Athumani, mdogo wake marehemu Mzee Rashidi wa Kinondo. Alikuja na TV nyembamba ndani ya boksi lake.

Huyo Mzee Rashidi alikuwa dereva wa watalii miaka mingi. Alipostaafu alinunua kwa mzungu aliyekuwa akirudi kwao gari kubwa jeupe lenye vitanda, jiko na friji ndani, akaliegesha kwenye kiwanja chake pale Kinondo na kuishi humo na mkewe, Bi Mejumaa. Watu walicheka, wakaliita nyumba ya magurudumu. Yeye alisema amechoka kuliendesha gari, sasa gari limlaze. Hawakujaaliwa mtoto. Mwezi mmoja kabla ya siku ninayokusimulia, Mzee Rashidi alifariki, na Bi Mejumaa akawa anakaa eda ndani ya gari lile. Unajua mambo ya eda: miezi minne na siku kumi mjane hukaa katika nyumba ile ile aliyoishi na mumewe, hatoki ila kwa dharura, wala hakai faragha na mwanamume asiye maharimu wake. Hata shemeji haingii humo kujikalia anavyotaka.

“Fundi wangu,” Athumani akaniambia, na sauti yake ilikuwa laini sana, “shemeji yangu anachoka na upweke. Nataka umtoe ile TV ya kichogo umwekee hii. Ni zawadi.”

Nikamwambia ni jambo la kheri.

“Na ile kuukuu uchukue mwenyewe, si ndiyo desturi yenu?” Kweli ndiyo ilikuwa desturi yetu. Ile ya zamani huwa ya fundi, aifungue apate vipuri. Kisha, akiwa tayari mlangoni, akageuka. “Lo, na ukifungua makabati ukaona ufunguo wa gari, niletee mimi. Mama yule kwa majonzi aliyonayo asije akaupoteza.”

Neno hilo lilipita masikioni mwangu na halikunisimamisha hata kidogo. Mimi, mtu wa kushuku! Nililoshuku ni jingine kabisa. Nilipokuwa ndani ya tuktuk, boksi magotini, nilikuwa nikijisemea: eda gani hii ya kutaka TV mpya? Mume hata mwezi haujaisha vizuri, mama anataka kutazama tamthilia. Nilifika Kinondo nimekwishamhukumu.

Nilipiga hodi. Alinifungulia Bi Saumu, dada mkubwa wa mjane, aliyekuwa akikaa naye. Bi Mejumaa mwenyewe alikuwa kule nyuma kwenye kitanda, pazia la kitenge limeshushwa. Nikaamkia, “Shikamoo, ni Juma wa kwa Fundi Kasimu,” akaitikia, “Marahaba, mwanangu.”

“TV hiyo sikuagiza mimi,” akasema nyuma ya pazia.

“Ni zawadi ya shemeji yako, Bi.”

Nilisikia kitanda kinalia. “Haya, zawadi hairudishwi ikawa ugomvi msibani. Itie. Lakini ile ya zamani isitoke nyumba hii. Iache pale sakafuni.”

Nikashangaa. Televisheni ile ilikuwa imekufa. Nilibonyeza swichi, hata taa nyekundu haikuwaka. Nani anang'ang'ania kichogo kibovu ndani ya gari lisilo na nafasi ya kutosha hata ya ndoo? Nikaanza kumtazama Bi Saumu kwa pembe ya jicho. Naye alikuwa akiitazama mikono yangu, haachi.

Kazi ya kufunga televisheni garini si kama ya nyumbani. Gari hutikisika, kwa hiyo skrubu tupu hazitoshi, sharti utoboe na utie bolti. Nilipoitoa ile ya zamani kabatini, nayo ilikuwa ndogo kiasi cha kubebwa na mtu mmoja, niliona skrubu za mgongoni ni mpya na zinang'aa, na mojawapo imepindwa kichwa na mtu asiyejua kushika bisibisi. Nilipoiinamisha, kitu kikagonga ndani. Kitu kidogo, cha chuma.

Dhahabu, nikasema. Au mali ya magendo ya kule ufukweni Diani, ambayo mtu haitaji kwa sauti. Nikamgeukia Bi Saumu nikamwambia, “Mama, nina kiu, naomba maji.” Jagi la maji lilikuwa nje, chini ya kivuli cha makuti. Alisita kidogo. Kumnyima maji mtu aliye kazini kwako ni aibu kubwa, hasa nyumba yenye msiba. Akatoka.

Nilizifungua skrubu nne kwa haraka, nikatia mkono kando ya kioo. Ndani mlikuwa na kitambaa cheupe, na ndani ya kitambaa mlikuwa na ufunguo wa gari.

Sasa sikiliza mawazo yangu yalivyokwenda, maana hapo ndipo ujinga wangu ulipo. Nilisema: kumbe! Huyu mama anawaficha warithi mali. Marehemu hana mtoto, ndugu yake ana fungu lake katika mirathi, na huyu ameuficha ufunguo ndani ya kichogo ambacho hata mwizi hakitaki. Nilijiona nimetumwa na Mungu kuifichua dhuluma. Nikautia mfukoni, nikafunga skrubu, na Bi Saumu aliporudi na bilauri nilikunywa maji yote, nikamshukuru, nikaifunga TV mpya na kuondoka, ile ya zamani nimeiacha sakafuni.

Athumani alikuwa akiningoja barazani kwetu dukani. Nikampa ufunguo. Aliupokea, akaubusu, akanipa mkono, akaondoka mbio. Alipokwisha kupotea ndipo nikatambua kwamba hakuniuliza kama TV inaonyesha. Mtu amenunua zawadi, amelipa fundi, na hakutaka hata kujua kama picha imetoka.

Fundi Kasimu aliporudi alasiri nikamweleza yote. Nilijaribu kuyaeleza kwa fahari lakini sauti ilikuwa ikinipungua. Alivua miwani yake, akaifuta kwa shati.

“Juma, ulitumwa kufunga TV au kupekua nyumba ya mjane?”

“Lakini alikuwa ameuficha, Fundi.”

“Aliuficha ili gari lisiondoke kabla ya Kadhi kugawa. Gari likiondoka, yule mama eda atakaa wapi? Mchangani?”

Hakungoja jibu. Tulifunga duka tukaenda Kinondo.

Tulisikia mngurumo kabla ya kufika. Gari lile jeupe, ambalo halikuwahi kusogea tangu nilijue, lilikuwa linatikisika na kutoa moshi. Kwenye usukani alikaa dereva wa kukodiwa, mtu wa bara, na Athumani amesimama mlangoni.

“Shemeji, teremka kwa heri,” alikuwa akisema. “Gari ni la ndugu yangu.”

Sauti ya Bi Mejumaa ikatoka nyuma ya pazia, wala haikutetemeka. “Ni la ndugu yako, na eda ni ya ndugu yako. Kadhi akishagawa, chukua haki yako na mimi nitakuombea dua. Kabla ya hapo mimi sitoki. Nyumba ikienda, nami nimo.”

“Tia gia twende,” Athumani akamwambia dereva.

Wanawake wa jirani walikuwa wamekuja, kama ilivyokuwa kila alasiri, kumsomea marehemu. Walikuwa wamesimama na misahafu yao na mikeka kwapani. Bi Saumu akavua kandambili, akampita Athumani kana kwamba ni nguzo, akapanda, akatandika mkeka. Nyuma yake akapanda mwingine. Kisha mwingine, mzee wa kushikwa mkono. Walipanda mpaka vitandani pakajaa, jikoni pakajaa, na mmoja akaketi juu ya ile televisheni ya kichogo kwa kukosa pa kukaa. Wakafungua misahafu, wakaanza kusoma.

Dereva aligeuka akatazama nyuma, akazima injini.

“Boss, hukuniambia ndani kuna mama wa matanga. Mimi hii siendeshi.”

Akateremka, akaenda zake barabarani kutafuta pikipiki. Athumani alibaki peke yake. Yeye kuendesha gari kubwa kama lile hakujua, na sidhani kama angethubutu. Akachomoa ufunguo akautia mfukoni mwa kanzu. Alipotupita akanipiga bega mbele ya watu wote.

“Fundi wangu, ahsante kwa ufunguo. Nitarudi na dereva mwenye moyo.”

Kisomo kikakatika. Macho yote yakanigeukia mimi. Nimepata aibu nyingine maishani, mwanangu, lakini zote ukizikusanya hazifiki ile.

“Juma,” Bi Mejumaa akaita. “Ni wewe?”

“Ni mimi, Bi.”

“Ulipomtuma dada yangu maji, ulikuwa na kiu kweli?”

Nilikwenda mpaka mbele ya gari, nikaweka mkono juu ya boneti.

Nikamwambia gari lina betri mbili, moja ya taa na friji, moja ya injini. Nikiitoa ile ya injini, hata Athumani akirudi na madereva kumi gari haliwaki. “Niruhusu niitoe, Bi. Nikakuwekee pema.”

“Itolewe,” akasema. “Lakini si na wewe. Mikono yako isiguse kitu changu tena.”

Fundi Kasimu akaenda kuitoa, na umri wake ule, akiinama kwenye boneti. Mimi nilisimama kando nikimshikia miwani. Betri ile tuliiweka dukani kwetu chini ya meza, na kila asubuhi nilipofagia niliiona.

Bi Mejumaa alimaliza eda yake mlemle, kwa amani ya nje. Lakini Bi Saumu alimwambia mke wangu kwamba tangu siku ile dadake alishtuka kwa kila gari lililopita, usingizi ukawa wa vipande. Hilo sikuweza kumrekebishia kwa bisibisi. Kadhi alipogawa, gari liliuzwa, kila mtu akapata haki yake, na Bi Mejumaa akahamia Msambweni kwa dada yake. Wala hakuna aliyemficha mtu kitu. Ufunguo angeutoa mwenyewe mbele ya Kadhi, na Fundi Kasimu alikuwa akilijua hilo bila ya kuambiwa, kwa sababu alimjua mama yule ni nani.

Siku ya kuhama aliniita. Nilikwenda. Sasa alikuwa ametoka, amekaa kwenye kiti nje, na ndiyo mara ya kwanza kumwona uso. Akanionyesha ile televisheni ya kichogo.

“Ichukue. Ni desturi yenu, na sipendi kumdhulumu fundi haki yake.”

Nilipoingia kuibeba nilitazama ukutani. Ile nyembamba niliyoifunga kwa bolti zangu nne ilikuwa palepale, na nailoni ya kiwandani bado iko juu ya kioo chake. Hakuna aliyewahi kuiwasha.

Kichogo kile sikukifungua kutoa vipuri. Ndicho hicho unachokiona juu ya rafu na kuniuliza kila siku kwa nini sikitupi.

Basi, mwanangu, umeamua kuwa fundi na kesho unakwenda nyumba ya watu peke yako. Sikukatazi kushuku. Dunia hii ukiwa huna shaka hata chembe utauzwa huku wewe mwenyewe umeshika kamba. Ila ukishaanza kushuku, anza na aliyekutuma. Jiulize anataka nini, na mbona ni mtamu hivyo, na mbona anakuharakisha. Kisha jishuku wewe, maana nafsi yako ndiyo itakayokwambia kwamba unatenda haki huku mkono umo ndani ya kitu cha mtu. Aliyejificha nyuma ya pazia mwache wa mwisho. Pengine ana sababu, na pengine sababu yake ni wewe. Na ukiambiwa kitu kisitoke, kisitoke. Usikifungue. Ukishikwa na wasiwasi, uliza kwa mdomo wako mbele ya mwenyewe, na akikataa kukujibu, funga mkoba wako uondoke.

Nenda, Mwenyezi Mungu akufungulie riziki iliyo safi. Akulinde na wateja wenye maneno laini. Na akujaalie mikono ambayo mjane akiiona mlangoni kwake, atakuletea maji kabla hujasema una kiu.