Kitabu cha Tano

Mama Godelive husoma kila kitu chenye herufi. Gazeti lililofungiwa sabuni, karatasi ya ndani ya boksi la dawa, matangazo ya misa kwenye mlango wa kanisa, vyote huvisoma mpaka neno la mwisho. Alizaliwa upande wa Mahagi-Port, kwa wakausha samaki. Sasa ni mkunga katika materniti moja ya Bunia, na nyumba yake iko mtaa wa Ngezi.

Kwa hiyo aliposikia kwamba biblioteke ya paruwasi, maktaba ya parokia, imepokea vitabu vitano vilivyofika fainali ya zawadi moja ya vitabu vya watoto, alikwenda kabla mlango haujafunguliwa. Fabien, mtunza vitabu, alimtazama kwa mshangao.

"Mama, hii ni vitabu ya batoto."

"Na mimi nilizaliwaka na miaka makumi tano?"

Alitaka kujua jambo moja tu: wale waamuzi walioketi huko mbali waliona nini katika vitabu hivi, wakaviacha vingine? Cha kwanza kilihusu bata aliyeogopa maji. Alicheka, ila aliona mwandishi alichoka njiani, mwisho umekimbizwa. Cha pili, msichana aliyekusanya sauti ndani ya chupa: sauti ya mvua juu ya mabati, sauti ya bibi akitafuta miwani yake. Hapo Godelive alisahau sombe, mboga yake ya majani ya muhogo, jikoni mpaka ikaungua. Cha tatu kilikuwa picha tupu, bila neno hata moja. Kilimkasirisha, halafu akajikuta anakigeuza huku na huku kwenye mwanga. Cha nne ndicho kilichomshinda: mtoto wa humo alikuwa mtiifu kupita kiasi. Katika miaka yake yote ya kupokea watoto, hajamwona wa namna hiyo.

"Na ya tano?" alimuuliza Fabien.

"Iko na Mama Denise. Hajarudisha."

Denise alikuwa mwanamke wa Kpandroma aliyekimbia vita, akapata nafasi kwa shemeji yake huko huko Ngezi. Godelive alimjua kwa sura tu. Alimkuta uani anachambua maharage, kitabu kimefungwa juu ya magoti yake. Wakasalimiana.

"Nilikuya juu ya ile kitabu. Ulimaliza?"

"Bado. Nafikaka katikati, nafunga."

"Juu ya nini? Haiko muzuri?"

"Iko muzuri sana. Mutoto na bazazi yake banakimbia, banaacha nyumba. Sasa banarudi. Naogopa kugeuza karatasi."

Godelive alitamani kukichukua na kukimbia nacho kwake. Badala yake akavuta kiti. "Tugeuze siye babili."

Walisoma kwa zamu. Denise alisoma kwa sauti iliyonyooka, akipumzika kwenye kila nukta, na ndipo alipoeleza kwamba kwao alikuwa akifundisha darasa la kwanza. Kitabuni, mtoto alikuta familia nyingine ndani ya nyumba yao. Akasimama mlangoni, akamuuliza mtoto wa humo: mbwa wenu anaitwa nani? Ndiyo mwisho.

Godelive alifurahi kimya kimya. Hiki ndicho kitakachoshinda, aliwaza. Denise akakifunga kwa kishindo.

"Hapana. Mutoto wa kweli hawezi kuuliza vile."

"Angeuliza nini?"

Denise alirudisha mkono kwenye maharage, akayakoroga bila kuchambua kitu.

"Angeuliza nani alikula viazi yenye tuliacha mu shamba. Mimi najiulizaka ile kila siku."

Akalieleza shamba lile, udongo wake mweusi, baridi ya asubuhi, viazi vilivyokuwa karibu kuvunwa. Godelive aliuliza, akauliza tena, mpaka kivuli cha nyumba kikaufunika ua wote. Kisha zamu ya kuuliza ikawa ya Denise.

"Na ile ingine ine, inasema nini?"

"Sitakuambia. Kuya usome."

Denise akavisoma vyote, na hawakukubaliana juu ya hata kimoja. Yeye alimpenda yule mtoto mtiifu wa kitabu cha nne. Na zawadi ilipotangazwa redioni, ilikwenda kwa kitabu hicho. Godelive alikasirika kama aliyeibiwa.

"Soma tena, polepole," Denise alimwambia. "Ulikimbia."

Wakaketi kwenye ngazi za biblioteke. Godelive akasoma ukurasa kwa ukurasa, uso umekunjamana. Karibu na katikati akainua kichwa.

"Huyu mutoto anaogopa. Anatii juu anaogopa bataacha kumupenda."

"Nilifundishaka mumoja kama ule. Ephraïm. Mpaka kalamu alikuwa anaomba ruhusa ya kuokota."

"Sasa iko wapi?"

"Iko hapa Bunia. Anatengenezaka pikipiki, na anabishana na kila mutu."

Godelive alikuwa ameshasimama. "Twende nimuone."