Waliohamia Waya Mwekundu

Ukimwambia mtaa una nyumba kama sitini, alikuuliza: sitini, au hamsini na nane? Hakuuliza kwa ubishi. Alitaka kuandika. Kwa miaka ishirini na sita aliyofanya kazi katika shirika la umeme, alipanda nguzo, akapima, akashuka, akaandika, na namba hakuikata mkia wala kuiongezea. Themanini na tisa nukta nne ilibaki themanini na tisa nukta nne. Wenzake wakamwita Nukta, na jina likamganda hata wakwe zake wakalizoea.

Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini na moja, mwenye sauti ya chini na kalamu mbili mfukoni, moja ikikatika wino nyingine ishike zamu. Madaftari yake yalijaa kabati la chuma nyuma ya mlango wa ofisi, yamefungwa kwa kamba mwaka kwa mwaka. Dereva wa gari la ngazi alimtania kwamba siku akistaafu, shirika litakodi lori kuhamisha maandishi yake.

"Utaliendesha wewe," Nukta alimjibu. "Kazi ya kubeba bila kusoma unaiweza."

Jumatatu moja meneja alimwita ofisini. Meneja alikuwa kijana mpole, ila mwenye haraka, na juu ya meza yake palikuwa na barua iliyokwisha kupigwa muhuri.

"Mama, ile transfoma ya mtaa wa juu imeunguza fyuzi mara kumi na moja mwezi huu. Kila mara jioni. Na yote yameanza tangu shemeji yako afungue ile karakana ya kuchaji pikipiki za umeme. Ijumaa tunaikatia umeme."

"Mara kumi na mbili," alisema Nukta.

"Hata zingekuwa tatu, mama."

"Zote kumi na mbili ni fyuzi ya waya mmoja. Mwekundu. Ingekuwa transfoma imezidiwa yote, hata fyuzi za waya wa njano na wa buluu zingeungua."

Meneja alikuna shingo. "Ni shemeji yako. Watu watasema unambeba."

"Watasema hata nikinyamaza. Nipe mpaka Alhamisi jioni, na gari la ngazi."

Meneja aliitazama barua, akaisukuma pembeni ya meza. Hakuiweka kwenye droo.

Shemeji huyo, mdogo wa mume wake, zamani alikuwa fundi wa pikipiki za petroli. Zilipoingia za umeme aliuza spana zake, akafungua karakana, akapanga chaja ishirini na nne ukutani kama sahani kabatini. Madereva wa pikipiki walimpenda kwa kuwa hakuwa na longolongo. Karakana ikikatwa, yeye hakuwa na pa kurudi, na wao hawakuwa na pengine pa kuchaji. Walikuwa na kanuni yao: betri isilale na njaa. Kwa hiyo jua likizama wote walirudi kwa pamoja, wakachomeka kwa pamoja, saa ile ile ambayo majumbani watu walikuwa wanapika, wanapiga pasi na kuwasha televisheni.

Jioni hiyo hiyo, saa moja na nusu, Nukta alivaa mkanda na kofia ngumu akapanda. Alikuwa na kipimo chenye mdomo kama wa kaa, kinachouma waya bila kuukata. Waya mwekundu ulisoma ampia mia na tisini na sita nukta tatu. Njano, sitini na moja nukta nane. Buluu, arobaini na tisa nukta nne. Kila waya wa transfoma ile uliruhusiwa kubeba mia na arobaini na nne.

Alishuka, akajumlisha, akagawa kwa tatu. Mia moja na mbili nukta tano kwa kila waya, chini ya kikomo. Akarudia, ikatoka ile ile.

"Umeona nini huko juu?" dereva wa gari la ngazi aliuliza.

"Wapagazi watatu. Mmoja amebeba magunia manne, wenzake wawili wanatembea wanapunga mikono. Halafu bosi anataka kufukuza gunia."

Lakini kwa nini karibu mtaa mzima uning'inie kwenye waya mmoja? Kesho yake mchana alipita kwa mama mkwe wake, ambaye nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kwenye transfoma. Bibi huyo alikuwa anachambua mchele, na hakuacha.

"Mama, hivi hapa kwako umeme unatoka waya gani?"

"Mwekundu. Kila mwenye akili yuko mwekundu. Ule mwaka wa dhoruba, tawi liliangukia waya, njano na buluu zikakatika. Siku tisa watu wamekaa gizani, wa mwekundu wanakula wanaonana. Tangu hapo nani angebaki kwenye waya wa wagonjwa?"

"Lakini tawi halikuchagua rangi, mama. Lilianguka tu upande huo."

"Waambie hivyo waliokaa gizani."

"Na nani aliyekuhamisha?"

Mama mkwe aliinua ungo, akapuliza makapi taratibu. "Kaulize kioo."

Nukta akakumbuka ngazi ya mbao, yeye akiwa juu, na mtoto mkubwa wa nyumba hiyo akiishika kwa chini, akiongea mno kwa mtu anayeshika ngazi. Mtu huyo sasa alikuwa mume wake.

Ofisini alifungua kabati na kukata kamba ya mwaka ule. Ukurasa haukumpa shida. Mwandiko ulikuwa wake, umesimama wima kama wa mtoto aliyeogopa mwalimu: *Nyumba kumi na tisa zimehamia mwekundu kwa ombi la wenyewe. Kurudishwa baadaye.* Wakati huo alikuwa na miaka ishirini na minane, na kila mwenye nyumba alimwambia "mwanangu, na mimi nisaidie". Baadaye haikuja. Mafundi waliofuata walikuta mtaa unaamini mwekundu, nao wakaendelea kuunganisha mwekundu, mpaka siku shemeji alipojenga karakana.

Akaandika namba ya ukurasa kwenye kiganja, akafunga kabati, akaenda karakana.

Shemeji alimsikiliza akiwa amekunja mikono. "Yaani unataka kunihamishia njano na buluu? Shemeji, mimi nilimwomba fundi kwa kinywa changu: nipe mwekundu, nataka nguvu. Leo unanipa waya za wagonjwa, tena Ijumaa nakatwa. Si bora nikatwe nikiwa mzima."

"Betri ikiwa tupu inajaa kwa saa ngapi?"

"Zamani mbili na nusu. Siku hizi nne na kitu. Chaja zinazima zinawaka zenyewe. Nimesema labda ni mbovu."

"Njoo kwenye nguzo saa moja jioni, usome mwenyewe."

Alikuja. Nukta alimshikisha kipimo kingine, kile cha kuonyesha nguvu ya umeme inayofika, naye akasoma kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Waya mwekundu: volti mia na themanini na nane. Waya wa njano: mia mbili ishirini na tisa.

"Hii imekosea," alisema.

"Badilisha kipimo uone."

Akabadilisha. Mwekundu ukabaki chini.

"Mnagombania kisima kimoja mpaka mnachota tope," Nukta alimwambia. "Viwili vya jirani vimejaa. Chaja zako si mbovu, zina kiu."

Shemeji alimrudishia kipimo taratibu. "Ila ungeniambia mapema, shemeji."

"Ningelazimika kujiambia mwenyewe kwanza."

Walibaki madereva. Mwenyekiti wao waliyemwita Breki, kwa kuwa hakuna jambo aliloliacha lipite bila kulisimamisha, alisimama katikati ya pikipiki.

"Mama Nukta, unasema nusu yetu wachomeke jioni, nusu wasubiri saa tatu. Na kanuni? Betri isilale na njaa."

"Hailali na njaa. Itakula wenye nyumba wakishakula. Saa tatu pasi zimepoa na majiko yamezimwa."

"Na nani atasubiri? Maana hapa kila mtu betri yake ndiyo mgonjwa mahututi."

"Anayetoka alfajiri asubiri, ana usiku mzima. Anayerudi barabarani jioni hii achomeke sasa."

Mtu wa nyuma akasema, "Breki asubiri, yeye hata betri ikijaa haendi popote." Wakacheka, na Breki akacheka nao, na ikawa imepita. Shemeji alikata vibao ishirini na vinne, kumi na viwili vya jioni na kumi na viwili vya saa tatu, akavining'iniza kwa misumari chini ya chaja.

Jumatano gari la ngazi lilivuta waya mbili mpya kutoka nguzo hadi karakana. Nukta alifunga viungio kwa mkono wake, chaja kumi na mbili njano, kumi na mbili buluu, kila waya na sita za jioni. Mwekundu hakuuachia chaja hata moja.

Alhamisi saa moja jioni meneja alikuja, barua mfukoni. Kabla hajauliza kitu, Nukta alimpa daftari la zamani, limefunguliwa.

"Soma hapo kwanza. Kosa la mwanzo ni langu."

Meneja alisoma chini ya taa ya gari, akageuza ukurasa, akarudi. "Mama, hili ungeliacha kabatini nani angejua?"

"Ungeikata karakana kwa kazi niliyoifanya mimi. Sasa ukiikata, uikate ukijua."

Akapanda. Chini walisimama meneja, shemeji, Breki na madereva wake, na mama mkwe aliyedai amepita tu. Ukutani chaja kumi na mbili zilikuwa zinawaka kijani. Majumbani masufuria yalikuwa jikoni.

"Mwekundu," sauti ikatoka juu, ya chini kama kawaida, "tisini na moja nukta sita. Njano, themanini na nane nukta mbili. Buluu, sabini na sita nukta nne."

"Na saa tatu wengine wakichomeka?" meneja aliuliza.

"Wa jioni watakuwa wanatoa, na majumbani watu wanazima. Tutasoma, lakini haitapanda."

Walisubiri. Saa tatu na robo alisoma tena, na zote tatu zilikuwa zimeshuka.

"Na madereva wakiongezeka?" Sasa meneja aliuliza kama mtu anayejifunza.

"Njano na buluu zinabeba chaja nane zaidi bila kuhema. Zikifika hapo, nitakuja na daftari kabla hujaja na barua."

Meneja aliichana barua mara mbili, akatafuta pa kutupa, hakupaona, akairudisha mfukoni. "Fyuzi ikiungua tena, nitakuita wewe."

"Niite."

Ijumaa, siku ambayo karakana ilikuwa ikatwe, gari la ngazi lilisimama nyumba ya tatu kutoka kwenye transfoma. Mama mkwe alikuwa amevuta kiti nje, akitazama juu kwa mashaka.

"Nikikaa gizani siku tisa, nahamia kwako."

"Chumba kipo, mama. Washa sasa."

Bibi akaingia ndani, taa ikawaka. Akazima, akawasha tena. "Mbona ni ile ile?" alisema kutoka ndani, kama aliyetapeliwa.

Nukta alishuka. Akalifungua daftari la zamani juu ya boneti ya gari, na chini ya mwandiko wake wa umri wa miaka ishirini na minane akaandika tarehe, kisha: *Nyumba ya kwanza imerudi njano. Zimebaki kumi na nane.* Wino ukakatika kwenye neno la mwisho. Akatoa kalamu ya pili, akamalizia, akamwambia dereva asogeze gari nyumba inayofuata.