Sindano za mguuni kwa shingo iliyokaza

"Elfu kumi nilikulipa juu ya shingo, sasa unanichoma ku muguu?"

Mama huyo alikuwa amelala kitandani kwa mganga anayetibu maumivu kwa kuchoma sindano nyembamba mwilini, hapa mtaani Muhumba. Sindano moja ilikuwa juu ya kifundo cha mguu, nyingine kati ya kidole gumba na cha pili. Yeye hubeba mizigo mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso. Shingo ilikuwa imekaza siku tatu, na bila shingo hakuna kazi.

"Maman, njia ya shingo inashuka mpaka kule chini," mganga akajibu, akionyesha picha ya mtu mwenye mistari mwili mzima.

"Mimi nikifikisha gunia ya mutu kwa jirani yake, atanilipa?"

Nilikuwa nangoja zamu ya bega langu, lakini hasira ilinipanda. Nikasimama, nikasema: kama ni mguu, mwambie mguu kabla ya kupokea pesa!

"Unasikia vile huyu papa anasema?" Mama akageuka kunitazama, kisha akamgeukia mganga, shingo ikizunguka bila shida.

"Umeona? Inageuka," mganga akasema.

Nikakaa. Wasomaji, mimi hupenda maneno yaliyonyooka, lakini hapo sikujua tena niko upande wa nani. Mganga alificha, na mganga aliponya.

Mama akajishika shingo, akaigeuza kushoto, akaigeuza kulia.

"Hii uliitengeneza ku muguu," akasema. "Sindano ya shingo nililipa. Unichome ku shingo."