Nilivyokihamisha Kibla kwa Sindano

Jamani, nisitirini. Tangu juzi nikipita mbele ya msikiti wa kijiji chetu, huku Kilwa, nainamisha uso.

Nafundisha sayansi darasa la nne. Nilisugua sindano kwenye sumaku, nikailaza juu ya jani ndani ya beseni la maji, nikainama. "Tazameni. Sindano yenye usumaku ikiachwa huru, huelekea kaskazini."

Ikageuka kweli. Ikaelekea kwangu.

"Mwalimu, kaskazini si kule kibla kiliko?" wanafunzi wakapinga, wakionyesha msikiti dirishani.

"Sumaku haidanganyi," nikajibu kwa kiburi. "Labda waliojenga msikiti ndio waliokosea."

Loo! Kabla ya adhuhuri maneno yalishamfikia imamu, ambaye ndiye baba mkwe wangu. Akaingia darasani uso umemkunjamana.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Haya, nionyeshe kosa letu."

Nikainama tena. Sindano ikanielekea. Akaniamuru nihamie upande wa pili wa beseni. Nikahamia, na sindano nayo ikazunguka ikanifuata! Mzee akaitazama, kisha akainua macho taratibu mpaka chini ya kidevu changu, kwenye kishikizo kipya cha mtandio, kile cha sumaku.

"Mwanangu," akasema, "kumbe miaka yote tulipaswa kuswali tukielekea kidevu chako?"

Darasa likaangua kicheko. Nami kishikizo kukitoa siwezi: mtandio ungenivuka mbele ya mkwe.