Niliwaambia ni Goti

Mtu wa kwanza kuvaa suruali katika kijiji chetu cha Busale nilikuwa mimi, na anayebisha na abishe, maana mashahidi wote wamekwisha kufa. Niliinunua kwa ujira wa upagazi, baada ya kubeba mizigo ya Wadachi kwa miezi mingi, kutoka ziwani hadi boma la milimani na kurudi. Ilikuwa ya kaki, nzito, ngumu kama ngozi iliyoanikwa. Kyela nayo ni joto na maji. Ukishinda kwenye mpunga unarudi umelowa chapachapa. Mimi nililima nayo, nikalala nayo. Nikiona watu wananitazama, nilipunguza mwendo ili waone vizuri.

Wiki ya tatu vikanitoka vipele. Sina haja ya kuzungukazunguka: vilinitoka kwenye uume na pale mapaja yanapokutana. Vingine vilikuwa vyekundu, kila kimoja kimekaa kwenye shina la unywele. Vingine vilikuwa vidogo, vyeupe, vimejipanga ukingoni mwa kichwa cha uume kama punje za ulezi, na hivi vyeupe sikujua vilianza lini kwa sababu sikuwahi kujikagua. Vile vyekundu viliwasha hadi nikawa natembea kama bata.

Kwa mtu mwingine lingekuwa jambo la kuoga na kungoja. Mimi nilikuwa na mchumba. Alikuwa mfinyanzi wa kule Lyulilo, kando ya ziwa, mwanamke mzima aliyeuza vyungu vyake mwenyewe sokoni na hakumpunguzia mtu bei, hata mimi. Ng'ombe walikuwa wameshafika kwa baba yake, na harusi ilikuwa mwezi uliofuata. Nilimpenda sana, na niliogopa kumkosa.

Kwetu wakati ule mtu akiugua hakuulizwa amekula nini, aliulizwa amemuudhi nani. Majirani wakinung'unika kwa haki, manung'uniko yao yalikuwa kama upepo wa baridi unaomwingia mtu mwilini. Nikajipima. Nilirudi kutoka safarini na suruali, sikuwachinjia wenzangu hata kuku. Basi, nikasema, ni hilo tu. Na dawa yake ilijulikana: unawapikia wenzako pombe, unaeleza unaumwa wapi, wanatoa la moyoni, kisha kila mmoja anajaza maji kinywani na kuyapuliza papo hapo panapouma.

Hapo panapouma ndipo palipokuwa na kazi.

Walikuja wanaume wa rika langu wote, wale tuliojenga kijiji chetu pamoja tangu ujana. Wakanywa, wakasifu pombe. Mkubwa wetu akashika kibuyu cha maji, akauliza, "Ndugu yetu, ni wapi?"

Nikavitazama vile vinywa vyote.

"Goti," nikasema.

"Lipi?"

"La kulia."

"Kweli tulinung'unika," mmoja wao akakiri. "Unapita mbele yetu kama boma ni la baba yako. Lakini leo tumekunywa, yamekwisha. Upone."

Wakapuliza. Goti likalowa, suruali ikalowa, na kaki iliyolowa ni mbaya kuliko iliyokauka. Nakiri kwamba goti la kulia halijaniuma tangu siku ile mpaka leo.

Vipele vikazidi. Nikajitibu kwa majivu yaliyochanganywa na pilipili, kwa shauri la kichwa changu mwenyewe. Nilikimbilia mtoni, nikakaa majini mpaka jua likageuka.

Nikiwa pale majini ndipo nilipokubali jambo nililokuwa nalikwepa. Kwenye kambi ya wapagazi, siku chache kabla ya kurudi nyumbani, nililala na mwanamke. Sikumjua hata jina. Na wapagazi wote tulijua habari za kaswende.

Kesho yake nikaenda Matema, misheni. Palikuwa na mtunza wagonjwa, mzee wa kwetu aliyefundishwa na Wazungu kuosha vidonda na kutoa dawa.

"Mugonile, tata," nikamwamkia.

"Ndaga, mwanangu. Unaumwa wapi?"

"Goti."

Alikuwa ameniona nikiingia. "Goti halimtembezi mtu hivyo," akasema. "Vua. Mficha uchi hazai."

Akanawa mikono, akanisogeza penye mwanga. Aliuliza kama nawashwa katikati ya vidole pia, kama usiku kunazidi, maana huo ungekuwa upele wa kuambukizana. Nikasema hapana. Akatafuta kidonda, akabonyeza kinena kuona kama kuna matezi yaliyovimba. Hakuona kitu.

"Hivi vyeupe ni vyako," akasema. "Vilikuja pamoja na ndevu. Wanaume wengi wanavyo, wala si ugonjwa. Ukivibinya utajipa kidonda bure. Hivi vyekundu ni jasho, nywele na hiyo nguo yako. Na hapa palipobabuka umepaka nini?"

Nikamwambia. Alicheka mpaka akafuta macho.

"Vaa kitambaa chepesi. Oga kwa maji safi, nawa mpaka ndani ya govi, jikaushe. Usijikune, na ya jikoni yabaki jikoni." Kisha akaacha kucheka. "Ulilala na mtu safarini?"

"Ndiyo."

"Kaswende haina haraka. Kidonda chake kinaweza kukaa hata miezi mitatu ndipo kitoke. Hakiumi, tena kinapotea chenyewe, mtu akadhani amepona. Leo sikioni. Usimguse mwanamke, urudi baada ya miezi mitatu. Kikitoka kabla, uje siku hiyohiyo."

"Harusi ni mwezi ujao, tata."

"Basi kamwambie mwenye harusi."

Nilimkuta mchumba wangu kule Lyulilo, akipokea vyungu vyake kutoka kwenye mtumbwi. Nikamsaidia kupanga, nikavunja kimoja, ndipo nikasema yote: kambi, vipele, miezi mitatu. Sikutaja goti. Alikuwa akipitisha kidole kwenye ukingo wa chungu, taratibu, wala hakuniangalia.

"Wangeniambia wengine, ningerudisha ng'ombe," akasema. "Nenda. Kwa baba nitasema mimi."

Alichosema sikukijua mpaka baadaye. Mfinyanzi akiolewa huja na vyungu vyake, na yeye alimwambia baba yake kwamba vyungu havijatosha, mikono yake imekuwa mizito.

Vipele vyekundu viliisha ndani ya wiki moja, mara nilipoivua ile suruali. Miezi mitatu haikuisha upesi hivyo. Kila asubuhi nilijikagua penye mwanga. Ilipotimia, yule mzee alinisogeza tena penye mwanga, akatazama kwa makini, akaniambia nikaoe.

Nikakimbia hadi Lyulilo. Wanawake wa sokoni walikuwa wamemzunguka, wanamcheka. Mwenzao aliyewashinda wote kwa wepesi, walisema, ameshindwa kumaliza vyungu vya harusi yake mwenyewe. Mvivu huyu nani atamweka ndani? Nikajua kwamba ndivyo alivyosemwa siku zote zile, na hakumjibu mtu. Niliona aibu ambayo hata uchi wangu mbele ya yule mzee haukunipa.

Akainua macho, akaniona. Nikatikisa kichwa kwamba hakuna kitu.

"Vimetosha," akawaambia.