Kila Kaya Itoe Mtu Mmoja

Debe ndilo lililoniamsha. Nilikuwa darasa la pili, nimelala na Bibi kitanda kimoja kama siku zote, na nje mtu anagonga debe, anapita nyumba hadi nyumba gizani, maana mchana watu wako shamba au ziwani, humpati wa kumwambia kitu. Akafika uani kwetu akapaza sauti: "Umeme unakuja Jumatatu! Kila kaya itoe mtu mmoja! Asiyetoa, faini!" Akapita. Debe likazidi kufifia kuelekea mwaloni, kule mitumbwi inakotia nanga.

Aliyezoea matangazo ya kijiji angeelewa papo hapo. Nguzo zinaletwa, zinapita kwetu hadi kwenye kiwanda kipya cha barafu cha wanunuzi wa sangara, na kila nyumba inatakiwa itoe mtu wa kuchimba mashimo. Basi. Lakini sisi nani angetuambia? Mjomba Masanja, ambaye ndiye aliyekuwa akienda mikutanoni, alikuwa visiwani kwenye uvuvi, wiki ya tatu hiyo. Mama yangu alikuwa mjini, Mabatini, anauza mitumba. Nyumbani tulibaki wawili tu, Bibi na mimi, na Kiswahili cha Bibi kilikuwa cha kuombea chumvi dukani.

Na neno lenyewe ni lile lile, ndiyo shida. Kwa Bibi umeme ulikuwa kitu kimoja tu, ule unaomulika juu ya ziwa mawingu yakitanda, uliomuua babu akirudisha ng'ombe kabla mimi sijazaliwa. Bibi aliamini kwamba haupigi ovyo. Unatumwa, alisema, na ukija unajua umekuja kumchukua nani. Mvua ikianza tu anafunika kioo kwa kanga, ananitoa mlangoni, ananivua gauni langu jekundu hata kama nalia, kwa sababu umeme unapenda wekundu. Sasa unasikia unakuja Jumatatu, kwa tangazo kabisa, na unataka mtu mmoja. Na sisi tuko wawili. Nikajua ni mimi.

 Nilimsikia Bibi anavyopumua, na nikajua yuko macho.

Shuleni nilimuuliza rafiki yangu Kabula kwao wanamtoa nani.

"Kaka Malimi. Baba amesema ndiye mwenye nguvu."

"Na mama yako halii?"

"Alie nini? Bora aondoke kidogo, anatumalizia ugali. Nyie mnamtoa nani?"

"Tuko wawili tu."

"Basi ni wewe," akasema, akacheka. "Bibi yako mzee, watamkataa."

Nilikwenda nyuma ya choo nikatapika.

Jumapili Bibi alichinja jogoo, sisi ambao jogoo tulikuwa tunamla Krismasi tu, akanipa mapaja yote mawili na yeye hakugusa. Akanionyesha chungu cha mbegu kilipo. Akasema nimwambie mjomba kwamba yule mtamba mweusi anakaribia kuzaa, asimfunge mbali. Kisha akaniogesha, akanipaka mafuta taratibu mpaka katikati ya vidole vya miguu, nami nikazidi kuamini kwamba ndivyo mtu anavyoandaliwa. Sikulia. Hadi leo sijui kwa nini sikulia, mimi ambaye nalia kwa kila kitu.

Asubuhi ya Jumatatu kulikuwa kweupe, hakuna wingu hata moja, na Bibi akafunika kioo. Akanikalisha kitandani akaniambia nisitoke mpaka jua liwe utosini. Halafu akachukua gauni langu jekundu, akalifunga shingoni, mikono midogo ya gauni ikamning'inia kifuani, akatoka.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mimi sikuwa wa kutolewa. Alikuwa anakwenda mwenyewe, na alitaka umeme usikosee.

Nikamfuata nikijificha nyuma ya ua wa minyaa. Barabarani watu walikuwa wamejaa, majembe na sululu begani, vijana wanacheka, nguzo ndefu zimelazwa kando.

"Shikamoo Bibi," mwenyekiti wa kijiji akasema. "Masanja yuko wapi?"

"Marahaba. Yuko visiwani. Nimekuja mimi." Alisema Kiswahili, kwa sauti kubwa, neno moja moja, nadhani alikuwa amelifanyia mazoezi usiku kucha. "Mtu wa kwetu ni mimi. Mtoto mwacheni."

"Mtoto gani tena? Mtoto ataweza nini hapa?"

Kijana mmoja akadakia, "Bibi, hicho chekundu ni cha harusi? Tuambie tuache majembe twende tukacheze!" Wakaangua kicheko.

Bibi hakucheka. Alikuwa anatazama shimo lililokwisha chimbwa, jembamba, limezama chini kuliko kimo cha mtoto. Akauliza polepole, kwa Kisukuma, "Nitaingia nimesimama?"

Mwenyekiti alidhani ni utani wa wazee. Akamjibu kwa Kisukuma vilevile, huku akicheka, "Wewe uingie humo? Inaingia nguzo, Bibi, ile pale! Juu yake waya, mpaka kiwandani, na Mungu akijalia mpaka kwako, uwashe taa. Sisi tunataka mikono ya kuchimba tu."

Niliona mabega yake yakishuka. Akatazama nguzo. Akawatazama watu wale mmoja mmoja, wengine aliwajua tangu wanazaliwa. Kisha akafungua gauni shingoni, akalizungushia kichwani kama kilemba, akasema, "Basi nipeni jembe." Wakamkatalia, akachimba. Malimi alikuwa akimpokea, na yeye anampokonya tena. Nilipotoka mafichoni nikamkimbilia alinifokea kwanza kwa nini nimetoka, halafu akanishika kichwa kwa mkono wenye udongo, hakuniachia kwa muda.

Waya ulifika kiwandani mwaka ule ule. Kwetu ulichelewa mpaka nikiwa darasa la sita, taa moja, chumba cha mbele, na chini ya taa ile nilisoma hadi nikafaulu kwenda sekondari. Mawingu yakitanda Bibi aliizima, akafunika kioo kama kawaida. Hatukumbishia. Siku hizi ngurumo ikianza mimi mwenyewe nachomoa kila kitu ukutani.

Sasa nina binti wa miezi mitano, naishi mjini, Buhongwa, kila chumba kina taa, na bado mimi ni mwoga: akikohoa naamka, akinyamaza naamka, namwashia taa nimtazame kifua kama kinapanda. Mume wangu ananicheka. Najiuliza kama ningeweza kutoka kama Bibi asubuhi ile, kweupe, hakuna aliyenishika mkono. Zamani nilikuwa naogopa hata kujijibu. Tangu huyu azaliwe, naona jibu linakuja haraka, na ni ndiyo.

Jioni ile ya Jumatatu Bibi alikaa jikoni, viganja vimechubuka, akaniita karibu.

"Ng'wanawane, mwanangu, usimwambie mtu kwa nini nilikwenda."

"Watakucheka?"

"Wacheke, kwani kicheko kinaua? Ila wale ni majirani zangu, wamenizikia mume. Wasijue hata siku moja kwamba nilidhani wangeweza kukuchukua."

Nikamwahidi. Nimekaa na ahadi hiyo mpaka Bibi ametangulia, mwenyekiti ametangulia, na waliocheka pale shimoni wana wajukuu. Nimekuambia wewe. Mwingine simwambii.